Msumeno na Mwongozo Wake

Mwaka nilioazimia kumtengenezea mama yangu kabati la vyombo, niliharibu bao zima la plaiwudi kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Bao hilo lilikuwa na upana wa milimita 1220, urefu wa milimita 2440 na unene wa milimita 18. Nililikata kwa msumeno wa umeme wa kuazima, mkono mtupu, jicho likifuata mstari wa penseli. Mstari ulinyoka, lakini mkato haukunyoka, na ngozi nyembamba ya juu ilibanduka mithili ya magamba ya samaki. Bao lile lilikuwa akiba yangu ya miezi miwili. Mama hakusema neno. Alivirudisha vyombo vyake katika karai, na kimya chake kilinichoma kuliko lawama.

Nilikwenda kwa jirani yangu, seremala mzee mwenye karakana hapa Buhongwa, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Shinyanga. Baada ya kumwamkia nilimweleza kuwa nataka kununua msumeno wangu mwenyewe, wenye nguvu kuliko ule wa kuazima.

"Mwalimu," alisema, "nguvu haikukosekana. Kilichokosekana ni adabu."

Kisha aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya meza. Vidole viwili havikuwapo.

"Niliufunga mfuniko wa diski kwa waya, mwanangu, ili niuone mstari vizuri. Mstari niliuona."

Toka siku hiyo niliujua mpango wa kuchagua. Jambo la kwanza si nguvu ya mota, bali mfuniko wa chini unaorudi wenyewe kuyafunika meno mara tu mkato unapokwisha. Dukani niliuvuta na kuuachia mara nyingi, hata muuzaji akachoka. La pili ni kibandiko cha umeme, kwa maana misumeno mingine iliyotumika huja kutoka nchi zenye umeme wa volti 120, na wetu ni wa volti 230. La tatu ni bamba la chini, ambalo halina budi kuwa nyofu na imara, kwani msumeno wote husimama juu yake. Nilichukua msumeno wa waya wenye diski ya milimita 185. Wa betri ni mwepesi wa kuchukulika, lakini bei yake ilinishinda.

Diski iliyokuja nao ilikuwa na meno 24, ambayo yafaa kwa mbao za paa. Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizogundishwa, nyuzi za tabaka moja zikikingamana na nyuzi za tabaka ya pili, na gundi yake huyafanya butu upesi meno ya chuma kitupu. Kwa hiyo nilinunua diski nyingine ya meno 60 yenye ncha za kabaidi. Tena nilijifunza sababu ya magamba yale. Meno ya msumeno huu huingia kutoka chini na kutokea juu, nayo hupasua pale yanapotokea. Basi uso mzuri wa bao hulazwa chini, na fundi hukata akiutazama mgongo wake.

Ulibaki mwongozo. Ziko reli za madini zinazouzwa kwa kazi hii, lakini mzee alinionyesha njia isiyo na gharama. Tulichukua kipande cha plaiwudi cha milimita 6, kirefu kupita bao, tukakigundisha juu yake ufito ulionyoka. Gundi ilipokauka, tuliupitisha msumeno huku bamba lake likiegemea ufito, nao ukaikata ziada yote ya upande wa pili. Ukingo uliobaki ndio njia halisi ya diski. Toka hapo hapana haja ya hesabu: ukingo huwekwa juu ya mstari, mwongozo hubanwa kwa klampu mbili, na msumeno hufuata. Lakini mwongozo huo ni wa msumeno mmoja na diski moja. Ukibadili diski kwa nyingine yenye unene tofauti, ukingo husema uongo.

Nalidhani mwongozo ni kwa ajili ya uzuri wa kabati tu. Mzee alinisahihisha. Mkato unapopinda, mbao huibana diski, na diski iliyobanwa huurusha msumeno nyuma, kumwelekea aliyeushika. Kumbe unyofu uleule ulindao mbao huulinda na mkono.

Bao la pili nililaza juu ya mbao nne sakafuni, ili pande zote mbili zibaki zimeegemezwa baada ya mkato. Diski niliishusha kiasi cha meno kutokeza kidogo tu chini ya bao. Nilivaa miwani, nikakata bila haraka. Hakuna gamba lililobanduka.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama amekwisha panga vyombo vyake, na karai limerudi kazi yake ya kufulia. Mwongozo umetundikwa ukutani. Kila niutazamapo nakumbuka kuwa msumeno ulinyoshwa na kitu ulichokikata wenyewe, na kwamba nalitaka kununua nguvu, hali adabu ilikuwa karibu na nyumba yangu, katika mkono wa mzee wenye vidole vitatu.