Shingo ikikaza, usitupe dawa



Leo tunaongea juu ya Haldol, maana huku Butihinda jina hilo linatajwa kwa kunong'ona. Watu wakisikia fulani anaimeza, basi, kwao huyo ni umusazi: asipewe kazi, asibebe mtoto wa mtu. Siye vijana tumechoka na maneno hayo.

Haldol, yaani haloperidoli, ilitengenezwa mwaka 1958 kule Beerse, Ubelgiji, na kundi la daktari Paul Janssen. OMS iliiweka kwenye orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, mwaka 1977. Kwa hiyo si dawa ya kujaribia wakimbizi, kama wengine wanavyodai.

Inafanyaje kazi? Ndani ya ubongo kuna dopamini, inayobeba ujumbe toka seli moja hadi nyingine. Ikizidi nguvu sehemu fulani, mtu anaweza kusikia sauti ambazo wengine hatuzisikii, au kuamini majirani wote wanamwinda. Haldol inaziba pale dopamini inapopokelewa. Sauti zinapungua pole pole, mara nyingi kwa majuma kadhaa. Shida ni kwamba dopamini hiyohiyo inasaidia pia mwili kutembea na kujigeuza vizuri, na dawa haichagui sehemu moja tu.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja alipata taabu. Siku ya pili shingo ikapinda, macho yakabaki juu, ulimi ukakaza. Wazee wakasema amelogwa, wengine ati kalishwa sumu. Vidonge vikatupwa chooni. Baada ya majuma matatu sauti zikarudi, akatoka usiku, tukamtafuta mpaka kukapambazuka, tukamkuta kando ya barabara ya Kobero, miguu imejaa damu.

Kumbe ile shingo inajulikana na inatibika! Huwapata zaidi vijana wa kiume, siku za kwanza za dawa. Sindano ya biperideni huilegeza, mara nyingi chini ya saa moja, kisha muganga anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Familia haikuambiwa hayo wakati inapewa vidonge. Neno moja tu lingetosha.

Wengine wanatetemeka, wengine hawawezi kukaa chini wakatulia. Hayo pia mwambieni muganga. Lakini homa kali pamoja na mwili kukakamaa na akili kuchanganyikiwa, hiyo ni ya kukimbiza hospitali saa ileile.

Tena, si kila anayeropoka anahitaji Haldol. Huku kwetu malaria ikipanda kichwani inaweza kumfanya mtu aongee ovyo, kwa hiyo apimwe damu kwanza. Na anayelia usiku kwa sababu ya aliyoyaona vitani, kilio chake peke yake si sababu ya kumpa dawa hii. Huyo anahitaji watu wa kumsikiliza.

Kuombewa hatukatazi. Aombewe huku anameza dawa yake.

Basi, ndugu, mkipewa vidonge hivi msiondoke kabla ya kuuliza: vitamletea nini mwilini, shingo ikikaza twende wapi, na turudi siku gani? Msikatishe wenyewe. Nauli ya kwenda Gitega au Kamenge hatuna, lakini kuuliza ni bure.