Tunda Moja Moja



Wapendwa waamini, Injili ya Dominika ya 3 ya Kwaresima, Mwaka C, hutupeleka shambani: mwenye mali ataka mtini usiozaa ukatwe, mtunza shamba auombea mwaka mmoja zaidi (Lk 13:6-9). Kila tuisomapo hukumbuka shamba moja la kahawa, na kosa letu humo.

Msimu mmoja wa mavuno tulitoka Mombo, tukaikwea barabara ya Soni hadi kwa kijana mmoja alimaye na baba yake shamba dogo, kahawa chini ya migomba. Walikuwa wamekosana. Mzee alitaka tawi lipukutishwe lote, mbivu na mbichi, fedha ipatikane upesi. Kijana alichuma mbivu tupu, akiurudia mti uleule wiki baada ya wiki. Alitafuta kahawa ya daraja la juu, ile ambayo waonjaji huipa alama 80 au zaidi kati ya 100.

"Baba Paroko, mwonye mwanao," mzee alitusihi. "Kabichi ingekwisha kutulipa."

Nasi tulimwonya. Tulimkumbusha amri ya nne, tukadhani kazi imekwisha. Alijibu tu, "Nimesikia, Baba," akaendelea kuyatia matunda majini na kuyatenga yaliyoelea. Mengine yangemenywa, yavundikwe, yaoshwe, kisha yaanikwe siku nyingi. Yalihitajika takriban kilo 6 za matunda kupata kilo 1 ya kahawa safi.

Alasiri wingu likatanda. Kabla kijana hajainuka, mzee alikwisha kukimbilia vichanjani na turubai, akaifunika kahawa kama amfunikavyo mtoto. Tukanyamaza. Mzee hakuichukia kahawa. Aliiogopa ada ya shule ya wadogo, nasi hatukuwa tumeiuliza.

Milima hii imekwisha kuijua haraka. Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wapande kahawa. Baada ya miaka michache rutuba ilipungua, mavuno yakaanguka.

Mtunza shamba wa Injili hakuomba muda mtupu. Aliahidi kupalilia na kutia mbolea kwa mikono yake mwenyewe. Sisi tulikuwa tumetoa maneno, mbolea hatukutoa. Jioni ile tulikaa upya, watu watatu. Wakapatana sehemu ya bondeni ipandwe kabichi na maharage, kahawa ya juu iachiwe kijana. Nasi tulikwenda shuleni kuomba ada ilipwe kidogo kidogo, tukakubaliwa.

Kijana hajatajirika. Lakini baba na mwana sasa huchuma pamoja, na mzee ndiye mkali zaidi akiona tunda la kijani kikapuni. Husemwa mvumilivu hula mbivu. Pale tulijifunza kwamba mvumilivu naye huhitaji wa kumsaidia kungoja.

Wiki hii tujiulize: nyumbani mwetu ni nani tunayetaka kumkata, ilhali hatujamtilia hata kikapu kimoja cha samadi?

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.