Dhamana ya Nyumba Mpya

Nyumba mpya ni furaha ya macho kabla haijawa stara ya mwili. Siku funguo zikabidhiwapo, ukuta umenyooka, bati linang'aa, na mlango hufunga bila kelele. Aibu ya ujenzi haionekani siku hiyo, hungoja mvua. Kwa sababu hii mwenye nyumba hutaka dhamana, yaani ahadi ya mjenzi kuwa kasoro ya mkono wake, ikizuka ndani ya muda uliotajwa, ataitengeneza bila malipo mapya. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi nchini Tanzania muda huo huitwa kipindi cha matazamio, na sehemu ya malipo huzuiliwa mpaka uishe.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Dongobesh, wilayani Mbulu, alijenga kwa kiinua mgongo chake. Fundi alikuwa mtoto wa kaka yake. Alipotajiwa karatasi alinuna, na mwalimu akaona haya; wakaafikiana kwa mdomo miezi 6. Nyumba ilikabidhiwa mwanzo wa Juni, masika yamekwisha na ardhi imekauka. Mvua zilipoanza tena Desemba, dhamana ilikuwa imekufa. Januari ufa ulishuka toka pembe ya dirisha hadi sakafuni. "Baba mdogo," alisema fundi, akihesabu kwa vidole, "miezi 6 imepita." Hakusema uongo. Ufa ule ulipasua ukuta, ukapasua na udugu.

Faida ya dhamana ni kuwa humrudisha fundi kazini, hasa kama sehemu ya ujira wake ingali mkononi mwa mwenye nyumba. Hasara zake nazo si haba. Fundi mwerevu huongeza bei kufidia ahadi yake. Fundi mhamaji huondoka nayo. Na mwenye nyumba hulewa matumaini, akaacha mfereji uzibe na maji yaloweshe msingi.

Zamani Wairaqw wa Mbulu walijenga tembe zenye paa la udongo kwa msaada wa majirani, shukrani ikiwa pombe. Karatasi haikuwapo, jirani mwenyewe alikuwa dhamana, kwa kuwa kesho angeonekana tena njiani.

Ziko hasara asizoweza fundi yeyote kuzidhamini. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba imara na nyumba dhaifu zilichukuliwa pamoja. Dhamana hujibu kosa la mkono. Haijibu kosa la mlima. Hapo mtu husaidiwa na bima, na serikali, na binadamu wenzake, na kwanza kabisa na busara ya kuchagua kiwanja kilicho mbali na njia ya maji.

Basi dhamana na iandikwe, hata baina ya ndugu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na muda wake uhesabiwe kwa mvua.

Mwalimu aliziba ufa kwa fedha yake. Sasa anajenga jiko. Fundi ni yule yule. Lakini safari hii karatasi imeandikwa, na muda wake utakwisha mwishoni mwa masika.