Hatua Tano Kila Upande

Mama hajawahi kusamehe gugu. Shamba letu la Kangundo hulimwa mpaka ukingoni, na kaburi la Baba, pale chini ya mwembe, hufagiliwa kila Jumamosi. Kwake, majani kaburini ni matusi.

Shida ilianza na maboga. Msimu ule yalitambaa vizuri, yakachanua, lakini viboga vikageuka manjano na kuoza kabla havijafika ukubwa wa yai. Mama akalaumu mbegu. Mimi nikaamka mapema, nikaketi kuangalia. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikifika adhuhuri limeshajifunga. La dume lina chavua, la jike lina kiboga chini yake, na lazima mdudu abebe chavua kutoka hili hadi lile. Asubuhi nzima nilihesabu nyuki wawili.

Ukweli ni kwamba tuliwafukuza wenyewe. Dawa tulipuliza asubuhi, maua yakiwa wazi. Tukang'oa kila kitu kisicholiwa. Sasa maboga yakimaliza kuchanua, nyuki ale nini?

Nikamwomba Mama aniachie kipande kisicholimwa. Kilikuwa kimoja tu: pale kwa Baba.

"Watu wapite waulize, kwani huyu mzee alikufa bila watoto?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa wiki mbili tukiongea mambo ya chumvi na sabuni tu. Halafu Jumamosi moja nikamkuta amefagia kaburi lenyewe, lakini pembeni ameacha.

"Hatua tano kila upande," akasema. "Usiniongezee."

Mvua ya Novemba ikaja. Kivumbasi kikaota, vishona-nguo vikaota, nami nikapanda alizeti katikati. Dania iliyobaki tukaiacha ichanue. Dawa, ikibidi, tukapuliza jioni. Wakaja nyuki, wakaja vipepeo, wakaja wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za zizi.

Tulivuna maboga kumi na moja. Mama aligawia majirani manne, bila kuwaeleza chochote.

Siku hizi Jumamosi hubeba kigoda badala ya ufagio. Huketi pale hadi jua likolee, kisha hurudi leso yake imejaa vishona-nguo. Anavichomoa kimoja kimoja na kuvitupa kulekule vilikotoka.

"Baba yako naye," anasema, "alikuwa anang'ang'ania mtu hivi hivi."