Stata ya gari la zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Umezoea kusoma hapa habari za mnyauko wa migomba, nafasi za kupandia maharage na namna ya kuanika kahawa. Leo naandika kuhusu stata ya gari. Usinishangae. Mazao ya Kyerwa na Karagwe hayaishii shambani. Mkungu wa ndizi ukishakatwa unaanza kuhesabu siku, na pikapu isiyowaka asubuhi ya siku ya gulio inaweza kula faida uliyoitafuta tangu palizi.

Hapa Rubwera magari mengi ya mizigo ni ya zamani: Hilux za dizeli, Noah, Probox, na Canter za hapa na pale. Dalili ya stata mbovu tunaifahamu wote. Gari linaegeshwa kwenye mteremko, jiwe chini ya tairi, injini inaachwa inaunguruma wakati mwenyewe anapakia. Wengi huona huo ni ujanja. Mimi nimeona jiwe likiteleza kwenye matope gulioni, pikapu ikarudi nyuma hadi pale akina mama walipokuwa wameketi na dagaa wao. Waliruka, hakuna aliyeumia, ila beseni mbili zilipondwa. Tangu hapo siichukulii stata kuwa ni shida ya fundi na mwenye gari tu.

Kwanza, hakikisha mgonjwa ni stata

Usikimbilie duka la spea. Ukipiga stata na kusikia tik-tik-tik ya haraka, mara nyingi betri ni dhaifu au terminali zina kutu. Ukisikia "tok" moja nzito kisha kimya, na taa za dashibodi hazififii sana, shuku selenoidi au kaboni za stata. Ikizunguka kwa mlio mwembamba bila kuzungusha injini, shuku bendiksi, ile gia ndogo ya mbele. Ikikwaruza kama chuma juu ya chuma, meno ya bendiksi au ya flaiwili yamelika.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.0 karibu imekwisha. Ichaji kabla ya kumlaumu mwingine. Kisha mtu apige stata huku fundi akipima. Betri iliyojaa ikishuka chini ya takriban 9.6, huenda betri yenyewe imechoka, au stata inavuta umeme kupita kiasi. Safisha terminali kwa maji ya moto na magadi, halafu kagua waya wa ethi unaotoka betri kwenda kwenye bodi na injini. Waya ulioliwa na kutu umewauzia watu wengi stata wasiyoihitaji.

Pili, soma kibati, usitazame rangi

Mkulima makini hanunui mbegu ya mahindi kwa uzuri wa mfuko. Anatafuta lebo ya TOSCI, jina la mbegu na tarehe. Stata nayo ina lebo yake. Ifungue ya zamani, ifute mafuta, usome kibati. Nyingi za Toyota zimetengenezwa na Denso, na namba ya Toyota ya stata huanza na 28100. Iandike yote au uipige picha kwa simu. Namba ikilingana, kazi kubwa imekwisha.

Kama kibati kimefutika, nenda na stata yenyewe mkononi na ulinganishe mambo haya:

1. Volti. Magari madogo mengi ni 12, lakini Canter na malori mengi ya Kijapani ni 24.
2. Nguvu, inayoandikwa kwa kW. Injini ndogo ya petroli hutosheka na takriban 1.0 hadi 1.4. Dizeli ya pikapu huhitaji takriban 2.0 au zaidi, kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa.
3. Idadi ya meno ya bendiksi. Yahesabu kwa kidole, jino kwa jino.
4. Matundu ya bolti na umbali kati yake.
5. Upande inakozungukia, na mahali waya unapofungwa.

Usidharau meno. Mfanyabiashara mmoja wa ndizi aliuziwa stata iliyoingia vizuri kwenye matundu, lakini meno yake hayakulingana. Iliwasha gari siku chache, ikala meno ya flaiwili. Ili kubadilisha meno hayo ilibidi gia boksi lishushwe. Stata ya bei rahisi ikawa ghali kuliko zote, na gari likakaa gereji msimu wa kahawa ukipita.

Tatu, kuna njia tatu

Njia ya kwanza ni kukarabati yako. Kama bodi haijapasuka na amecha haijaungua, mara nyingi kilichokwisha ni kaboni, bushi, au vipande vya shaba ndani ya selenoidi. Hivi hubadilishwa kwa fedha kidogo ukilinganisha na stata nzima. Mimi ningeanzia hapa. Mwambie fundi umeme akufungulie mbele yako, na vile vilivyotolewa akukabidhi.

Njia ya pili ni ya mtumba kutoka Japani. Ni imara, ila historia yake huijui. Njia ya tatu ni mpya ya bei nafuu. Inang'aa, lakini ubora unatofautiana sana. Nunua tu kama muuzaji anatoa risiti yenye namba ya stata na muda wa kuirudisha, vyote kwa maandishi.

Popote unaponunua, iwe Kayanga, Omurushaka au Bukoba, omba ijaribiwe kwa betri na waya kabla ya kulipa. Ishikwe imara, maana huruka. Bendiksi itoke mbele na kurudi bila kusita. Jaribio hilo linaonyesha inazunguka tu. Nguvu yake utaijua ikiwa kwenye injini, na ndiyo maana risiti ni lazima.

Ukishafunga

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzika angalau nusu dakika ndipo urudie, la sivyo itaungua. Kama injini ya dizeli ni ngumu asubuhi za baridi, kagua plagi za kupashia joto badala ya kuikamua stata. Na bolti za stata zikazwe sawasawa. Ikilegea inakula meno.

Mwisho, chukua daftari. Andika unachowalipa vijana wa kusukuma kwa wiki, mafuta yanayoungua gari likiunguruma bure, na mikungu iliyoiva kabla ya kufika sokoni. Jumlisha mwezi mzima, kisha ulinganishe na bei ya ukarabati. Wengi niliokaa nao kufanya hesabu hii walikuta wameshailipa stata bila kuipata.

Kama una kibati usichokielewa, njoo nacho siku ya gulio, tukisome pamoja.