Mwandiga Ilipoupa Mwambao Kisogo

Ukishuka garini leo pale njia panda ya Mwandiga, Kigoma, utaona kila mtu anatazama milimani. Lami inapanda kwenda Manyovu, mpakani na Burundi. Malori ya Kasulu yanapiga honi, na abiria wananunua madumu ya mawese kupitia dirishani. Ziwa Tanganyika liko jirani, lakini halimo tena kwenye mazungumzo yetu.

Zamani za vumbi haikuwa hivyo. Kilichotoka mbali kilikuja kwa treni, iliyofika Kigoma mwaka 1914 ikatuachia jina la "mwisho wa reli", au kilikuja kwa maji. Na watu wa maji tuliwajua. Mtanga, Mwamgongo na Kagunga ni vijiji vilivyobanwa kati ya ziwa na milima, na Hifadhi ya Gombe imekaa katikati yake. Wakazi wake walikuwa wakiishi na sokwe jirani kabla Jane Goodall hajatia mguu pale mwaka 1960, na hakuna aliyewaona kuwa watu wa ajabu. Aliyekosa boti ya Kibirizi alipanda mlima kwa miguu, akapitia Bubango na Chankele, akatutokea sokoni na kapu la dagaa kichwani.

Bibi yangu alikuwa mnunuzi mgumu. Alichukua dagaa mmoja, akampuliza, akamng'ata kichwa, kisha akatema. Dagaa wakati ule walianikwa mchangani, vichanja havijaenea.

"Mchanga huu nao unauzwa?"

"Mwakeye kwanza, mama," muuzaji alimjibu akicheka, akidai salamu. "Bei haitoroki."

Basi salamu zilianza upya: habari za watoto, za mgonjwa, za mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka hakuna anayewasha karabai kuvua dagaa. Mwishoni fedha zilipita kidogo sana. Dagaa waliingia ndani, mawese na vipande vya gwanji vikatoka. Gwanji ni ile sabuni yetu ya mawese, haina umbo wala harufu ya kujivunia, lakini inang'arisha sufuria. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kupasua kokwa za chikichi kwa jiwe, na kucha zilituuma hadi tukachukia mchikichi wenyewe.

Mwambao wa kusini ulikuwa na Liemba. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli nyingine na treni, ikaungwa tena Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Karema, Kipili, Kirando, Kasanga hadi Mpulungu kule Zambia, ratiba ya maisha ilikuwa yake. Gati zilikuwa chache, kwa hiyo ilisimama majini, mitumbwi ikaizunguka, na mama mwenye mtoto mgongoni akavutwa juu kwa mkono.

Kisha ikaja lami. Sitaisema vibaya, mjamzito wa Manyovu anaijua thamani yake kuliko mimi. Ila tangu ifike, mzigo wetu unaelekea bara, na mtoto wa Mwandiga anaijua Kariakoo kabla ya kuijua Mwamgongo. Watu wa mwambao hawakuhama. Sisi ndio tuliogeuka.

Dunia iliisikia Kagunga mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika kwa maelfu kwenye ule ufukwe mwembamba na kipindupindu kikaingia. Barabara ya kuwatoa haikuwapo. Waliokolewa na Liemba ileile, ikiwa imetimiza miaka 100, na walipandishwa kwa mitumbwi kama abiria wa enzi za babu. Miaka mitatu baadaye nayo ikasimama, ikisubiri matengenezo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei hadi Agosti, samaki wazaliane. Mwandiga tulilalamikia bei ya dagaa. Sikumsikia mtu akiuliza Mtanga wanakula nini.

Barabara ya Mwandiga–Chankele–Kagunga haiishi kutajwa majukwaani, na ikikamilika nitaipigia makofi. Lakini barabara peke yake haiwatoshi watu wanaoishi na maji mlangoni. Wanataka gati ambayo mama mjamzito ataikanyaga bila kulowa, na boti yenye jaketi la kuokolea kwa kila abiria. Wagombea wanaopita Mwandiga kuomba kura, waulizeni hayo kwanza, kabla hawajaanza habari za lami.