Chazo wa Stellwagen

Gati la Provincetown huamka kabla ya mji. Kiangazi kile, kwenye saa kumi na moja alfajiri, ungenikuta nikiteremka na kikapu cha vyakula, pua ikitangulia kujua njia: harufu ya mkate kutoka tanuri la Wareno, kisha dizeli, kisha mapipa ya heringi waliotiwa chumvi, chambo cha madema ya kambamti. Ukungu ulikalia kila kitu. Mnara wa mawe ulio juu ya mji, urefu wa mita 77, ulionekana miguu tu. Huko nje kengele ya boya ililia bila mpango, kadiri wimbi lilivyoitikisa.

Nilikuwa mpishi msaidizi kwenye meli ndogo ya watafiti wa nyangumi. Namna nilivyofika Marekani kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, ni hadithi ya masomo na ada, na si ya leo. Jikoni mlikuwa na sufuria zilizozuiwa kwa vyuma zisiteleze, dirisha moja la mviringo, na kopo langu la iliki. Kapteni, mzee ambaye babu zake walitoka visiwa vya Azores kuja kuvua, aliinusa chai yangu ya maziwa kwa mashaka siku ya kwanza. Haukupita muda akawa ndiye wa mwanzo kusimama mlangoni na kikombe. Yeye akanifundisha supu ya kwao ya sukuma wiki, viazi na soseji. Yangu niliipika bila soseji, kwenye sufuria ya pembeni, na nusu ya mabaharia wakahamia kwenye sufuria hiyo.

Ukishauzunguka mnara wa taa wa Race Point na kushika kaskazini, unafika Stellwagen. Ni fungu la mchanga lililozama kwenye mlango wa ghuba ya Massachusetts, kati ya Cape Ann na Cape Cod. Juu yake kina ni mita 30 hivi, kwingine pungufu, pembeni linaporomoka. Mkondo ukigonga ubavu wa fungu hupanda na rutuba ya chini, ndiyo maana maji ya pale ni mazito, ya kijani, hata ukitia mkono hadi kiwiko huvioni vidole vyako vizuri. Tangu mwaka 1992 fungu hilo ni hifadhi ya taifa. Njia ya meli kubwa ziendazo Boston ilikuwa imesogezwa mwaka 2007, miaka michache kabla sijafika, ili zipite penye nyangumi wachache zaidi. Usiku tulizisikia zikinguruma mbali, kisha maji yakatulia tena.

Ndani ya mchanga wa fungu wanaishi visamaki vyembamba, vya rangi ya fedha, virefu kidogo kuliko kidole, ambavyo hujizika mchangani kama sindano kwenye pamba. Ni hivyo vinavyowaleta nyangumi wenye nundu kila mwaka.

Kwenye ukungu, pumzi ya nyangumi unaisikia kabla hujaona chochote. Ni mshindo, kisha mvua laini, na upepo ukiwa wako unapata harufu yake yote: kabichi iliyooza na samaki wa juzi. Wenzangu walikunja uso. Mimi niliipenda. Kisha kelele za ndege, shakwe kwa mamia, na katikati yao duara la povu linachemka juu ya maji na kinywa kinapanda, kikubwa kuliko jiko langu, maji yakimwagika pembeni na ndege wakinyang'anyana kwenye midomo yake.

Kwetu nyangumi huja wakati wa kusi, Julai hadi Septemba, wakitoka bahari ya barafu ya kusini. Nilikua nikiwaona wakiruka nje ya mwamba na kuanguka kwa kishindo, wazee wakituambia tuteremshe tanga na kuwapisha. Lakini wale huja kuzaa na kutafuta wenza. Kula wameshakula huko kwenye barafu, na kwetu huishi kwa mafuta ya miili yao. Kwa hiyo nilikuwa nimemjua mnyama huyu tangu utoto bila kumwona akila hata mara moja, na nilipomwona nililazimika kushika ukingo wa meli kwa mikono yote miwili.

Hata hivyo, tulichokiona juu kilikuwa sehemu ndogo tu ya mlo. Sehemu kubwa ilikuwa chini, na huko ndiko watafiti walikotaka kwenda.

Boti ya mpira ilishushwa asubuhi, bahari ikiwa shwari. Kapteni alishika usukani. Mbele alisimama mtu wa upondo, upondo mrefu mwepesi wa nyuzi za kaboni, na kwenye ncha yake kifaa kilichotosha kubebwa kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na kamera, kinasa sauti cha majini, kipima kina, na vipimo vinavyojua mnyama ameinama, amegeuka au amelala ubavu. Hakikuwa na msumari wala ndoano, ila vikombe vya mpira laini vya kunyonya ngozi. Boti ilisogea polepole kutoka nyuma, pembeni kidogo. Mgongo ukapanda, mweusi, unang'aa. Upondo ukashuka. Pwa! Nyangumi akatikisa mkia mara moja na kuzama na kamera yetu mgongoni. Wengine hawakutikisa hata mkia.

Nilipokiona kifaa kile kwa mara ya kwanza nilimkumbuka chazo, yule samaki mwenye sahani ya kunyonya kichwani, anayejibandika kwa papa na kasa na kusafiri nao. Babu alinisimulia jinsi wavuvi wa Kibajuni wa zamani walivyomfunga chazo kamba mkiani, wakamwachia majini walipoona kasa, akaenda kujibandika gambani, nao wakaivuta kamba taratibu, bila pupa, maana ukivuta kwa nguvu unawakosa wote wawili. Nikamweleza daktari wetu, mama mtaratibu aliyekuwa akipaka mafuta pembezoni mwa vikombe. Akaacha kazi, akaniangalia. Akaniambia kwamba mwaka 1986, huko Belize, kijana aitwaye Greg Marshall alikuwa akizamia alipoona papa amebeba chazo, akajiuliza: je, kama mahali pa samaki huyu pangekuwa na kamera? Kutokana na swali hilo ikazaliwa Crittercam, ambayo baadaye ililelewa na National Geographic, ikabandikwa kwa wanyama wa kila namna.

Jioni nilimpigia babu simu kutoka gatini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wala vizuri huko?"

Nikamsimulia yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kamba mmeifunga wapi?" Nikamwambia hakuna kamba, saa zake zikitimia kifaa hujiachia chenyewe, huelea na kuita kwa redio. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi chazo wenu amefunzwa adabu."

Kusubiri ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mmoja wetu alisimama juu na antena, akiigeuza kushoto na kulia, maana mlio wa redio husikika tu nyangumi akiwa juu ya maji. Bip, bip, kisha hakuna kitu kwa dakika kadhaa. Mimi, vyombo vikishaoshwa, nilikabidhiwa ubao wa karatasi: saa aliyopanda, pumzi alizovuta, nani yuko karibu naye. Huko kila nyangumi hutambuliwa kwa michoro iliyo chini ya mkia wake, na jina hupewa kwa alama anayoibeba. Siku moja alipita Salt mwenyewe, bibi wa fungu lile, anayejulikana tangu katikati ya miaka ya 1970, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya weupe ulio kwenye pezi lake la mgongoni, mithili ya chumvi iliyogandia. Kapteni alivua kofia. Niliandika jina lake kwa herufi kubwa.

Kifaa kilipoachia tulikivua kwa wavu wa mkono. Ndani ya vikombe mlibaki vipande vya ngozi nyeusi, vyembamba mno, na daktari alivitoa kwa koleo ndogo kimoja kimoja na kuvitia kwenye vichupa, kwa ajili ya kuchunguza vinasaba.

Kisha kamera ikaletwa mezani kwangu, pale nilipokuwa nikimenyea viazi.

Mwanzoni ni kijani kitupu na mshindo wa maji. Mgongo unaonekana chini ya picha, na mbele giza la kijani lisilo na mwisho. Anashuka. Mwanga unapungua. Ghafla mchanga unatokea, mweupe, karibu mno, na mnyama wa tani 30 hivi anajilaza ubavu juu yake, taratibu, na visamaki vinachomoka mchangani kama cheche. Upande wa kulia linatokea pezi la mwingine, refu, jeupe. Kisha wa tatu. Wanakaribiana vichwa kwa vichwa, kila mmoja amelala ubavu, hawagongani. Ndama anapita katikati, anajisugua kwenye shavu la mama yake, anapanda kuvuta pumzi peke yake na kurudi.

Sasa nikaelewa makovu niliyokuwa nikiyaona kwenye mataya yao, mengi upande wa kulia. Ni mchanga. Wanaparuza chini kila siku, na wengi hupendelea upande huo mmoja. Kapteni alitazama kwa namna yake. Chini ya fungu lile, alisema, hukaa jarife zilizotiwa nanga na kamba za madema. Wavuvi walidhani nyangumi anakula juu na kati, wakaziweka kamba zao chini wakiamini hazimdhuru. Aliinua kofia, akakuna kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka madema miaka mingi.

Usiku kamera haioni, ila kinasa sauti hakilali. Daktari alituwekea saa moja ya usiku wa manane, kutoka chini kabisa, mchangani. Milio mifupi, miwili miwili, tik, tok, kama wanapokezana. Makala ya kitaalamu ya mwaka 2014 ilieleza milio hiyo: hutokea zaidi usiku, nyangumi wakila karibu na sakafu ya bahari, na karibu kila mara wakiwa zaidi ya mmoja. Aliye peke yake hula kimya. Kapteni alianza kugonga meza kwa kijiko kufuata milio, akapoteza hesabu, akaanza tena. Mabaharia waliingia mmoja mmoja na kusimama nyuma yetu na mabakuli mikononi. Hakuna aliyekubali nizime, wala aliyekubali kula kabla haijaisha, kwa hiyo nilipunguza moto, kisha nikauzima kabisa. Saa tano za usiku niliipasha supu upya, sufuria zote mbili, tukala tumesimama.